Sura ya Sita: Ndugu wa Kuku

Mfugaji wa Kirolirwe hahitaji kufundishwa kwamba mbuzi na kondoo ni ndugu. Anawachunga pamoja na ng'ombe kwenye vilima vya malisho kando ya barabara ya Sake kwenda Kitchanga, na anajua kwamba beberu akimpanda kondoo hapo hapana cha kutegemea. Asichokijua ni hesabu iliyomo ndani ya mifugo yake, maana nani amewahi kumpelekea habari hiyo malishoni? Kila seli ya ng'ombe ina kromosomu 60. Ya mbuzi pia ina 60. Ya kondoo ina 54.

Ukishika namba peke yake utasema mbuzi ni mtoto wa baba mmoja na ng'ombe, na kondoo ametoka mbali. Si kweli hata kidogo. Mbuzi na kondoo wana ukaribu ambao ng'ombe hana. Kilichotokea ni kwamba katika ukoo wa kondoo jozi sita za kromosomu ziliungana mbilimbili, zikawa jozi tatu ndefu. Jeni hazikupotea, zilihamia nyumba moja tu. Hata sisi tumepitia hayo. Gorila wa Virunga na wa Kahuzi-Biega ana kromosomu 48, binadamu ana 46, na kromosomu yetu ya pili kwa ukubwa bado ina alama mahali zile mbili za kale ziliposhikana.

Nimeanza na mbuzi ingawa sura hii ni ya ndege, kwa sababu ndege ndio waliowatesa zaidi wale waliotaka kusoma undugu kwa kuhesabu.

Tumchukue kuku, yuleyule anayepelekwa sokoni akining'inia kichwa chini kwenye usukani wa pikipiki. Ana kromosomu 78. Jozi kama kumi ni kubwa kiasi cha kuonekana vizuri kwa hadubini. Zilizobaki, karibu jozi 30, ni ndogo mno. Zilipoonekana mara ya kwanza wako wataalamu waliodhani ni vipande vilivyomeguka au uchafu wa rangi, na ubishi kuhusu idadi yake ulichukua miaka mingi. Pamoja na wingi huo, DNA yote ya kuku ni kama herufi bilioni moja tu, theluthi ya ile ya binadamu.

Fikiria shehena inayoshuka kutoka Masisi kwenda Goma: viazi, maharage, jibini. Unaweza kuipakia yote kwenye Fuso chache. Unaweza pia kupakia nusu kwenye Fuso na nusu ukaigawa kwenye chukudu thelathini, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Mamalia wengi wamechagua Fuso. Ndege wana Fuso chache na msururu wa chukudu. Na usizidharau chukudu hizo: kromosomu ndogo za kuku zina robo hivi ya DNA yake yote, lakini zimebeba karibu nusu ya jeni. Zile kubwa zina sehemu ndefu zisizo na jeni. Zile ndogo zimejazwa mpaka pomoni.

Kuziona kwa macho ni kazi ya mikono na subira. Unahitaji seli zinazogawanyika, kwa hiyo unatafuta yai lililoatamiwa siku chache, au unyoya mchanga ambao shina lake bado lina utomvu wa damu. Seli zikishakua kwenye chupa unatia kolkisini, sumu ileile inayopatikana katika ua la glorioza, nayo husimamisha mgawanyiko katikati, kromosomu zikiwa zimejikunja fupi na nene. Kisha unazitia kwenye maji yenye chumvi hafifu ili zivimbe, unazigandisha kwa asidi na pombe, halafu unadondosha tone kwenye kioo. Seli inapasuka na kutandazika, na kromosomu zinalala zimetawanyika. Mwisho unapaka rangi ya Giemsa, ileile ambayo mtu wa maabara katika kituo chochote cha afya Masisi hutumia kutafuta malaria kwenye tone la damu. Halafu unahesabu, na hapo ndipo tabu inapoanza. Zile kubwa utazitambua moja moja. Zile ndogo zinafanana zote, nyingine zimepandana, nyingine zimepotelea pembeni mwa kioo. Ndiyo maana katika vitabu utakuta ndege mmoja akitajwa kwa namba mbili tofauti, na waandishi wote wawili ni watu waaminifu.

Herufi za DNA ya kuku zilichapishwa mwaka 2004, ndege wa kwanza kusomwa. Hata hivyo zile kromosomu ndogo kabisa ziliendelea kukosa kwenye ramani kwa karibu miaka ishirini. Ni mwaka 2023 ndipo zilipopangwa hata zile zilizo kama nukta.

Sasa mlete kanga. Kanga ni mwenyeji wa Afrika. Kuku ni mgeni, ametoka misitu ya kusini-mashariki mwa Asia na kuletwa na watu. Kanga naye ana kromosomu 78. Mtu wa haraka atafunga kitabu hapa na kusema hawa hawajaachana. Lakini 78 ya kanga si 78 ya kuku.

Hilo lilijulikana kwa mbinu inayoitwa kupaka kromosomu rangi. Unachukua DNA ya kromosomu moja ya kuku, tuseme ya nne, unaifunga kwenye rangi inayong'aa gizani, halafu unaimwaga juu ya seli za kanga. DNA hushikana na inayofanana nayo, basi popote panapong'aa ndipo zilipo jeni hizo kwa kanga. Watafiti wa Japani walipofanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kromosomu ya nne ya kuku iling'aa mahali pawili. Kwa kanga ni kromosomu mbili tofauti, na hali hiyo ya kutengana ndiyo ya kale. Kuku ndiye aliyeziunganisha, moja kubwa na moja ndogo. Kwa upande mwingine kromosomu za sita na saba za kuku zimekuwa moja kwa kanga. Huyu kaunganisha hapa, yule kaunganisha pale, na jumla ikarudi kuwa sawa kwa bahati tu. Batamzinga ana 80. Kwake pia ile ya nne imebaki mbili kama zamani, na juu ya hayo ile ya pili ya kuku kwake imekatika vipande viwili.

Wafugaji wanaochanganya kanga na kuku uani hupata mara chache kifaranga chotara, mwenye shingo isiyo ya huku wala ya kule. Anaishi, anakula, anapiga kelele. Hazai. Kujenga mwili kunahitaji jeni ziwepo tu. Kutengeneza mbegu au yai kunahitaji kila kromosomu ya baba ikutane na mwenzake wa mama na kujipanga naye ubavu kwa ubavu, na baada ya mamilioni ya miaka ya kutengana wenzake hao hawajuani tena.

Yupo ndugu wa tatu, na huyu ndiye anayenivutia kuliko wote. Ukishuka kutoka nyanda za Masisi kwenda magharibi, malisho yanakwisha na msitu wa Walikale unaanza, ule unaoendelea hadi kwenye bonde la mto Kongo. Humo anaishi tausi wa Kongo. Wanasayansi wa nje hawakujua habari zake mpaka 1936, ingawa watu wa msituni walikuwa wakimla na kuvaa manyoya yake siku zote. James Chapin, mtaalamu wa ndege kutoka jumba la makumbusho ya viumbe la New York, aliukuta unyoya mmoja kwenye kofia huko Avakubi, Ituri, mwaka 1913. Hakuweza kuulinganisha na ndege yeyote aliyemfahamu, akauhifadhi. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, akiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, aliwaona juu ya kabati ndege wawili wakukuu waliokaushwa, dume na jike, wenye kibandiko kinachosema ni tausi wa India wachanga. Unyoya wake ulikuwa wa hao. Akampa ndege huyo jina la kisayansi, *Afropavo congensis*, na mwaka 1937 akarudi Kongo kumtafuta akiwa hai.

Ubishi ukaanza: huyu ni tausi kweli, au ni kanga aliyejipamba? Tausi wengine wote wako Asia. Kanga wote wako Afrika. Dume wa Kongo hana mkia ule wa kujitandaza, na umbo lake linakumbusha mambo ya pande zote mbili. Ungetegemea kromosomu zimalize kesi, lakini jamii hii yote ya kuku, kwale, kanga na batamzinga imetulia mno. Kwale anayefugwa kwa mayai naye ana 78. Hesabu ikiwa karibu sawa kwa wote haimtengi yeyote. Kilichomaliza ubishi ni herufi zenyewe. Mwaka 1997 Rebecca Kimball na wenzake walisoma DNA ya tausi wa Kongo na kuonyesha kwamba ndugu yake wa karibu kabisa ni tausi wa Asia. Kwa hiyo mtu wa Walikale ana msituni kwake ndege ambaye jamaa zake wa karibu wako India na Java, huku kanga, mwenyeji mwenzake wa Afrika, akiwa ni jamaa wa mbali zaidi.

Utulivu huo si wa jamii ya kuku peke yao. Ndege wengi waliohesabiwa duniani wako karibu na 80: bata, njiwa, wengi wa ndege waimbaji. Mwaka 2018 Rebecca O'Connor, Darren Griffin na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, walichukua vipande vya DNA vinavyong'aa kwa ndege wote, wakavijaribu kwa wanyama watambaao, miongoni mwao kasa mwenye gamba laini ambaye ana kromosomu 66. Vilishika. Mpango wa jumla wa kromosomu za ndege, pamoja na zile ndogo, ulionekana kuwa umekwisha kukamilika kwa sehemu kubwa miaka milioni 255 hivi iliyopita, kabla hajaja dinosaria wa kwanza. Kwa maneno mengine, dinosaria angewekwa chini ya hadubini angefanana kwa kromosomu na kuku wa uani kuliko kuku anavyofanana na mbuzi aliyefungwa kando yake.

Kwa nini mpango ukae hivyo bila kuguswa? Majibu ni mengi, nami naona hakuna hata moja linalotosha peke yake. Ndege wana DNA kidogo ya aina inayojinakili na kurukaruka, ambayo kwa mamalia ndiyo huleta makosa mengi ya kuunganisha vipande visivyohusiana. Kromosomu ndogo hukaa pamoja katikati ya kiini cha seli, zikikaribiana zenyewe. Na kila moja, hata iwe ndogo vipi, lazima ibadilishane kipande na mwenzake kila mbegu au yai linapotengenezwa; jozi 39 za kromosomu maana yake ni mabadilishano 39 au zaidi, kwa hiyo watoto wanatofautiana sana bila mpango kuvurugwa. Maelezo haya yanapendeza. Yana kasoro moja: yanawahusu pia wale ndege waliovuruga mpango.

Nao wapo. Huduhudu, yule mwenye kishungi anayechokoachokoa majani mafupi ya malisho, ana 126. Jamaa mmoja wa shorobo, wa rangi ya kijivu, anayepatikana Katanga na kusini mwa Tanzania, amefikisha 142. Upande wa pili yupo hondohondo mwenye mlio wa tarumbeta, ambaye kwake zimehesabiwa 40 tu. Kozi, yule mwindaji mwenye kasi kuliko ndege wote, ana 50: zile chukudu zake nyingi zimepakiwa juu ya Fuso.

Halafu kuna kasuku.

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni ndege wa misitu hii ya Walikale na Maniema, na ndiye anayejulikana zaidi ughaibuni kuliko ndege mwingine wa Kongo, kwa bahati mbaya yake. Hesabu yake ni 62 hadi 64, kutegemea aliyehesabu. Kasuku wengine wanatofautiana ovyo: yuko wa Amerika Kusini mwenye 70 na jirani yake wa bara hilohilo mwenye 48. Mwaka 2022 kundi la watafiti lililinganisha kasuku wanne kromosomu kwa kromosomu na kukuta kwamba miungano na mikatiko mingi ilitokea kwa kila ukoo peke yake. Hawakurithi mvurugo mmoja kutoka kwa babu. Walirithi tabia ya kuvurugika.

Tabia hiyo huenda ina chanzo. DNA hukatika kila siku ndani ya seli, wakati mwingine nyuzi zake zote mbili kwa pamoja, na kuna protini ambazo kazi yake ni kuzigundua ncha hizo na kuzirudisha mahali pake. Kasuku wamepoteza jeni mbili za kazi hiyo, ALC1 na PARP3, ambazo ndege wengine wanazo. Fundi akipungua, ncha ya kromosomu hii inaweza kuishia kwenye ncha ya ile. Watafiti wenyewe wanasema tu kwamba mambo hayo mawili yanaelekea kuhusiana, na wamefanya vizuri kuishia hapo; jeni kukosekana na kromosomu kuvurugika vinaweza kufuatana bila kimoja kumzaa mwenzake. Ila sijasoma maelezo mengine yenye nguvu kuliko hayo.

Muungano mmoja ulitokea mapema, kwa babu wa kasuku wote, na uligusa jinsia. Kwa binadamu mwanamume ndiye mwenye kromosomu mbili zisizolingana. Kwa ndege ni jike: dume ana Z mbili, jike ana Z na W. Kwa kasuku kromosomu ya kumi na moja iliungana na hizo za jinsia, kwa hiyo jeni ambazo kwa kuku hazihusiani kabisa na ujike wala udume, kwa kasuku husafiri ndani ya Z na W.

Hizo Z na W zina kazi ya kila siku mahali kama Lwiro, Kivu Kusini, ambako kituo kinachojulikana zaidi kwa sokwe na nyani wake hupokea pia kasuku walionyang'anywa walanguzi. Dume na jike wa kasuku wa kijivu hawatofautiani kwa macho. Ukitaka kujua yupi ni yupi, huhitaji kumpasua: tone la damu au mzizi wa unyoya unatosha, kwa kuwa hata chembe nyekundu za damu ya ndege zina kiini, tofauti na zetu. Kuna jeni iitwayo CHD1 iliyoko kwenye Z na pia kwenye W, lakini urefu wa vipande vyake haulingani. Maabara huinakili na kuikimbiza kwenye jeli kwa umeme. Ukitokea mstari mmoja, ni dume. Ikitokea miwili, ni jike. Mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimweka kasuku huyu kwenye orodha ya wanyama wasiouzwa kibiashara nje ya nchi wakitoka porini, na katazo likaanza 2017. Wanaoendelea kuwanasa kwa ulimbo hawajapata habari hizo, au wamezipata na wana njaa.

Jamaa wa karibu wa kasuku ni nani? Watu wengi hudhani ni njiwa. DNA inasema ni ndege waimbaji: chozi, kwera, mnana, mshigi, hao wote wanaojaza vichaka vya Kirolirwe asubuhi. Na kozi anafuata nyuma yao kidogo, karibu nao kuliko alivyo karibu na tai. Katika ukoo huo mmoja, kozi na kasuku wamevuruga kromosomu zao kila mmoja kwa njia yake, na waimbaji, walio wengi kuliko ndege wengine wote wakijumlishwa, wamebaki karibu na 80.

Lakini 80 hiyo nayo ina yake. Kwanza, waimbaji hugeuza ndani kwa ndani: kipande cha kromosomu hukatika pande zote mbili, hupinduka na kurudi palepale, idadi isibadilike. Daniel Hooper na Trevor Price walipochunguza hilo, kwanza kwa jamii ya mshigi mwaka 2015 na kisha kwa waimbaji kwa upana mwaka 2017, waliona mipinduko hiyo ni mingi zaidi kati ya spishi ndugu zinazoishi eneo moja kuliko kati ya zile zilizotenganishwa kabisa. Ina mantiki. Spishi mbili zikikutana na kuchanganya damu, kipande kilichopinduka hakibadilishani na mwenzake, na jeni zilizomo zinabaki kifurushi kimoja. Kwa milima kama hii yetu ya Bonde la Ufa la Magharibi, iliyojaa chozi wa spishi ndugu wanaopakana kwa mwinuko, natamani kazi hiyo ifanywe kesho. Ndege waliokwisha kuhesabiwa kromosomu duniani ni kama mmoja kwa kumi.

Pili, kuna kromosomu ya ziada. Mwaka 1998 María Inés Pigozzi na Alberto Solari wa Argentina waliripoti kuhusu ndege mdogo wa Australia wa jamii ya mshigi, anayefugwa sana katika maabara, kwamba seli zake za uzazi zina kromosomu moja kubwa isiyopatikana popote pengine mwilini. Ilidhaniwa ni kioja cha ndege huyo. Mwaka 2019 Anna Torgasheva na wenzake wa Urusi walitafuta katika spishi 16 za waimbaji na kuikuta kwa zote. Kwa ndege wasio waimbaji waliowatazama, hawakuiona. Kiinitete kikiwa kichanga sana, seli zinazokwenda kuwa moyo, bawa na ubongo huitupa. Zinazokwenda kuwa korodani na ovari huibakiza. Dume huwa na moja tu, naye huitupa kabla mbegu haijakomaa, kwa hiyo mara nyingi mtoto huipata kwa mama. Ina jeni zilizonakiliwa kutoka kwenye kromosomu za kawaida.

Kwa hiyo yule ndege wa Australia akipimwa damu ana kromosomu 80. Akipimwa kwenye korodani ana 81. Jike wake, kwenye ovari, ana 82.